Mwanza hadi Guangzhou na Mama: Safari Yetu ya Dreamliner

Habari zenu watazamaji wangu, na wazee wangu wote shikamooni. Leo narekodia hapa Capri Point, Mwanza, kwa hiyo mkisikia upepo unavuma mnivumilie, ni ziwa hilo. Tangu nilipoweka picha za mama akiwa China mmeniuliza sana: alichoka? Magoti je? Haya, nimekuja kuwajibu. Na niseme mapema, tiketi zote mbili nimenunua kwa hela yangu, hakuna shirika lililonilipa.

Mama ana miaka 68. Kwa zaidi ya miaka 30 amewauzia mafundi cherehani wa Makoroboi zipu, vifungo na bitana, na siku zote alitamani kuona vinakotoka. Mimi ndiye niliyekuwa naogopa kumpeleka. Safari yangu ya kwanza ya kule, kwa shirika ambalo silitaji, nilibadilisha ndege mara mbili, begi likabaki njiani siku nne, na usiku mzima nilikaa uwanjani bila mtu wa kunieleza kinachoendelea kwa lugha ninayoielewa. Mwenye magoti mabovu unamweka wapi hapo?

Safari hii tumepita Mwanza, Dar, halafu Guangzhou moja kwa moja, Air Tanzania mwanzo hadi mwisho. Sasa angalieni hiki kikaratasi cha begi, nimekitunza kwa ajili yenu. Ngoja nikisogeze kwenye kamera. Mnaona herufi hizi, CAN? Ndiyo Guangzhou. Usiondoke kaunta ya Mwanza hujazisoma. Ikiandikwa CAN, begi linaunganishwa mpaka mwisho wa safari. Ikiishia DAR, ujue utakwenda kulisubiri mwenyewe kwenye mkanda. Uliza palepale, usione haya.

Kiti cha magurudumu kiombeni siku mnayonunua tiketi, msingoje siku ya safari. Hakilipiwi. Pale uwanjani kwetu alikuja kijana mmoja, akachuchumaa mbele ya mama, "Shikamoo mama," akamrekebishia pa kuwekea miguu, kisha akamuuliza ni goti lipi linalouma. Mama akasema la kushoto. Basi tangu hapo kila anapomwinua anasimama upande wa kushoto. Mimi sikuwa nimemwagiza chochote.

Dar ni saa moja na nusu tu hewani. Safari za nje zinaondokea Jengo la Tatu la abiria, lile lililofunguliwa Agosti 2019, lenye uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Nafasi ipo, mwanga upo, lifti zipo, mama hakupanda ngazi hata moja. Ushauri wangu, acheni muda wa kutosha kati ya ndege na ndege, saa tatu au nne, ili mgonjwa au mzee asikimbizwe. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe pamoja na pasipoti, isiwe ndani ya begi kubwa.

Tuje kwenye ndege yenyewe. Dreamliner, yaani Boeing 787-8, viti 262, ambapo 22 ni vya daraja la biashara. Huku kwetu nyuma vimepangwa vitatu vitatu vitatu, kwa hiyo ukiwa na mzee chagua cha pembeni mwa njia, aweze kuinuka bila kuwaomba watu wawili wampishe. Dirisha halina kile kipazia cha kushusha. Kuna kitufe chini yake, ukibonyeza kioo kinageuka bluu polepole mpaka jua linakuwa kama mwezi, na nje bado unaona. Nilimbadilishia mama kiti kwa muda akakibonyeza mwenyewe, giza, mwanga, giza, mwanga.

Kuna jambo la hewa ambalo watu wengi hawalijui. Ndege nyingi zikiwa juu, hewa ya ndani inakuwa kama uko mlimani, kwenye mita 2,400 hivi. Hii inashikilia kwenye mita 1,800 hivi. Sisi wa Mwanza tunaishi mita 1,100 na ushee kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo ni kama umepanda kilima kutoka nyumbani. Unyevu nao ni mwingi kidogo, koo halikauki sana. Kwa takriban saa 10 hewani, mwili unaijua tofauti.

Lakini kilichonigusa mimi ni Kiswahili. Matangazo yote, mkanda, vazi la kuokolea, milango ya dharura, mama aliyasikia na kuyaelewa, akageuka kukagua mlango wa nyuma uko wapi. Alipoulizwa chai ya rangi au ya maziwa akaninong'oneza, "Kumbe na huku juu tunaongea Kiswahili?" Nililala. Nilipozinduka usiku wa manane nikamkuta amebonyeza kitufe cha kumwita mhudumu, ameletewa maji, na yule dada amesimama pale njiani wanaongea bei ya sangara kwa sauti ya chini. Safari nzima nilikuwa nimejiandaa kuwa mkalimani wake, hakunihitaji.

Tumetua Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, saa zetu tukazisogeza mbele saa tano. Mabegi yote mawili yalikuja. Na magoti? Kila baada ya saa mbili nilikuwa namtembeza mpaka nyuma na kurudi, maji kila mara. Ndege iliposimama aliinama, akavaa viatu vyake vilevile alivyotoka navyo Mwanza, vikamwingia bila kulazimisha.