Game Boy Advance: katriji halisi au ya fleshi?

Kila nikiitoa Game Boy Advance yangu, mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, kwenye matatu, mtu huuliza: ninunue katriji (kile kipande cha gemu unachochomeka) halisi moja moja, au ile ya fleshi inayobeba gemu zote kwenye kadi ya memori?

Kwa bei, gemu moja halisi haiumi. Ya kumi utaisikia. Ya fleshi unailipia mara moja, ila ukiiagiza ng'ambo piga na hesabu ya usafirishaji na ushuru.

Kwenye kutegemeka ndiko kuna mambo. Halisi unaichomeka, inawaka, basi. Tatizo ni katriji bandia. Fungua kwa bisibisi ya meno matatu, utazame kama neno Nintendo limechapwa kwenye bodi. Mimi niliuziwa moja inayong'aa kama sahani mpya. Nilipoizima, wiki nzima ya mchezo ikafutika. Ya fleshi nayo hula betri zaidi, na kadi mbovu huivuruga.

Utunzaji? Betri ya kidonge iliyo ndani ya katriji ya gemu ya Pokémon Ruby ikifa, saa ya ndani husimama lakini ulichohifadhi hubaki. Pokémon Red, ya Game Boy ya kwanza, hupoteza kila kitu, na kubadilisha betri kunataka fundi wa kulehemu. Luthuli Avenue, Nairobi, hawakosekani. Ya fleshi, nakili faili zako kwenye kompyuta mara kwa mara.

Unarudia gemu mbili tatu za utotoni? Tafuta halisi. Unaunda gemu zako na unataka kuzijaribu kwenye mashine yenyewe? Hapo chukua fleshi. Kunakili gemu ambazo hukununua ni shauri jingine, la sheria.