Gesi ya kulipia kadri unavyopika: miezi saba katika jiko la mama lishe, Dodoma

Kwa miezi saba sasa, chakula ninachouza jirani na Soko la Majengo hapa Dodoma kinapikwa kwa gesi inayolipiwa kwa simu kadri inavyotumika. Huduma hii inatolewa na kampuni mbili kwa ubia: moja kongwe, yenye mitungi, malori na maghala, na nyingine changa, ya vijana waliotengeneza mita inayofungwa juu ya mtungi. Mama lishe wenzangu wananiuliza kama wajiunge, nami nimeona niwajibu wote kwa pamoja.

Mita ni kiboksi cha kijivu chenye kioo kinachoonyesha gramu zilizobaki. Nikilipa shilingi 2,000, vali hufunguka kwa mlio mdogo na namba hupanda, kisha maharage yanapochemka naiona ikishuka taratibu. Mtu aliyezoea LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, hahitaji kufundishwa.

Zamani nilikuwa na mtungi wangu wa kilo 15. Kuujaza kulinilazimu kutoa kwa mkupuo fedha niliyotenga kwa ajili ya mchele na mafuta ya kupikia, hivyo ulikaa mtupu chini ya meza kwa miezi mingi huku nikinunua mkaa wa kopo. Kampuni iliyoniuzia, hiyo hiyo kongwe, haikuwa na njia ya kulijua hilo, kwa sababu katika vitabu vyake mimi nilikuwa mteja aliyekwisha kununua. Naamini hapo ndipo ilipoona haja ya kuwafuata vijana. Mita inaonyesha kwamba nawasha jiko saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya chai na chapati, kwamba wali unapikwa saa tano, na kwamba Jumapili sipiki kabisa. Kwa taarifa hizo mtungi wa kubadilisha hufika kwa wakala kabla wangu haujaisha. Vijana nao wasingeweza kununua mitungi ya mji mzima wala kujenga ghala la gesi kwa mtaji wao.

Ubunifu wa namna hii si mgeni nchini. KopaGas ilianza na mita kama hizi Dar es Salaam, na mwaka 2020 teknolojia yake ikanunuliwa na Circle Gas ya Uingereza katika mpango wa dola milioni 25. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na sioni lengo hilo likifikiwa katika nyumba za kipato cha kila siku iwapo gesi itaendelea kuuzwa kwa mtungi mzima peke yake.

Kasoro niliikuta mwezi wa tatu. Nilikuwa nimelipa na ujumbe wa malipo umeingia, lakini vali ilijifunga maharage yakiwa nusu. Namba iliyoandikwa kwenye mtungi ilinijibu kwamba mita si yao. Namba ya kwenye mita ikanijibu kwamba malipo yanashughulikiwa na wenye mtungi. Nilizungushwa kwa saa mbili, nikaazima mkaa kwa jirani, na madereva wa bajaji wanaokula kwangu kila siku wakaondoka na njaa. Iliniuma sana.

Siku ya pili fundi wa kampuni changa alikuja kwa pikipiki, akakaa jikoni kwangu asubuhi nzima akiandika kila nilichofanya, na baada ya wiki mbili mita ikaanza kutoa gramu 100 za dharura zinazokatwa katika malipo yanayofuata. Kutoka kampuni kongwe nilipata ujumbe mmoja wa kunishukuru kwa uvumilivu wangu, baada ya wiki sita. Kama kweli inataka kujifunza kwa vijana hawa, naomba ianze na ile asubuhi ya fundi jikoni.

Kuhusu bei, kilo moja kwa njia hii ni ghali kuliko ukijaza mtungi kwa mkupuo, kwa hiyo mwenye uwezo wa kujaza aendelee kujaza. Anayenunua mkaa wa kopo kila asubuhi ninamshauri ajiunge. Mimi nimebaki, ila gunia la mkaa bado liko nyuma ya mlango, na halitaondoka mpaka kampuni hizi mbili ziwe na namba moja ya simu inayopokewa na mtu anayeweza kufungua vali.