SIYB: mafunzo mazuri ya biashara, ukiingia darasa lako

Anayetaka kujifunza kuanzisha na kuendesha biashara ndogo hachelewi kukutana na SIYB (Start and Improve Your Business, yaani anzisha na boresha biashara yako), mafunzo ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) yaliyochipuka Uswidi miaka ya 1970 na sasa yamefika nchi zaidi ya 100. Wengi hawaambiwi kwamba ndani yake mna vifurushi vinne. GYB ni ya anayetafuta wazo, SYB ya mwenye wazo anayetaka kufungua, IYB ya aliyekwisha fungua, EYB ya anayepanua. Kosa la kwanza hufanyika hapa, somo halijaanza: mratibu anataka viti vijae, basi mwenye duka la miaka minne anawekwa SYB kuandika mchanganuo wa biashara anayoijua kuliko mkufunzi. Kabla ya darasa hutakiwa kuwe na fomu ya mahitaji ya mafunzo. Kama hakuna aliyekuuliza unauza nini na hesabu zako unaziandika wapi, usilipe.

Mchezo wa biashara ndio unaokumbukwa zaidi. Makundi hupewa fedha za kuchezea na kalenda; wananunua, wanatengeneza, wanauza, wanalipa madeni, na nyumbani nako kunadai matumizi. Kundi lililouza karibu kila kitu kwa mkopo linajisifu lina faida, na kweli kwenye karatasi ipo, lakini siku ya kodi ya pango kasha ni tupu. Baadhi ya wakufunzi huuruka mchezo huu kwa kuwa unakula muda. Hasara yake ni kubwa, maana hakuna somo jingine linalotofautisha faida na fedha mkononi waziwazi hivi.

Lakini thamani yenyewe iko kwenye somo la gharama katika IYB. Chukua fundi cherehani. Gauni moja linakula kitambaa, uzi na vifungo vyenye gharama ya 60, na ujira wa 20. Anaona 80, anauza 85, anashukuru. Sasa jumlisha gharama zisizo za moja kwa moja za mwezi: pango, umeme, usafiri, uchakavu wa cherehani. Tuseme ni 900, na ujira wote wa ushonaji mwezi huo ni 1,500. Gawanya 900 kwa 1,500, unapata asilimia 60. Kwa hiyo gauni lenye ujira wa 20 linabeba 12 nyingine, na gharama yake halisi ni 92. Kila gauni la 85 linamtia hasara ya 7. Mwenye duka la rejareja hutumia njia hiyohiyo, ila hugawanya kwa gharama ya kununulia bidhaa badala ya ujira.

Mambo mawili huharibu hesabu hii. Mwenye biashara hujisahau, anashona kutwa bila kujiandikia ujira. Pili, asilimia hukokotolewa mara moja ikaachwa hapo. Mwezi wa kazi chache ujira ukishuka hadi 750 na pango likabaki palepale, 60 inakuwa 120, na gauni lile lile linagharimu 104.

Punguzo la bei nalo lingestahili muda zaidi kuliko linavyopewa. Bidhaa ya 100 ikiuzwa 125, nyongeza ni asilimia 25, lakini faida ghafi ni asilimia 20 ya bei ya kuuzia. Mteja akibembeleza umpunguzie asilimia 20, ukakubali, umemwuzia kwa bei uliyonunulia.

Kwenye kumbukumbu hakuna maajabu: daftari lenye safu za fedha, mauzo na matumizi, pamoja na kadi za wanaokopa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa hupotea zaidi kupitia mkono wa mwenyewe anayechota bila kuandika. Jioni chukua fedha ya asubuhi, ongeza mauzo taslimu na madeni yaliyolipwa, toa matumizi. Kilichobaki kilingane na kilichomo kwenye kasha. Kisipolingana, tafuta leo.

Udhaifu mkubwa wa SIYB ni kwamba ILO haikufundishi yenyewe. Wanaokufundisha ni wakufunzi wa taasisi nyingine, na ubora wao hutofautiana kama mvua na jua. Kwenye SYB utaona michanganuo ya darasa zima yenye makisio ya mauzo yanayofanana kama mapacha, kwa sababu hakuna aliyetumwa kwenda kuhesabu wateja. Ufuatiliaji baada ya mafunzo ni sehemu ya mpango, lakini ndio wa kwanza kukatwa bajeti ikibana. Kabla ya kujiandikisha uliza nani atakuja kuangalia daftari lako, na tarehe gani.

Ukienda IYB, beba stakabadhi za mwezi mzima, bili ya umeme na orodha ya wanaokudai na unaowadai, ili zoezi la gharama lifanyike kwa namba zako na si za mfano wa kitabuni.