Kinga za bastola: zipi za kutanguliza unaponunua

Leseni ikishapatikana, mnunuzi wa bastola inayojipakia yenyewe mara nyingi huuliza swali moja tu: ina sefti, yaani kifungio cha kuizuia isifyatuke? Hilo halitoshi. Bastola moja ya kisasa huwa na kinga tatu au nne kwa pamoja, baadhi zimefichwa ndani usizione. Zipo zinazofanya kazi zenyewe, na zipo zinazongoja wewe ukumbuke. Mimi huzipanga kwa kigezo hicho. Hofu na haraka humsahaulisha mtu hata jambo alilolizoea, kwa hiyo kinga isiyotegemea kumbukumbu yako ndiyo ya kulipia kwanza.

Kwanza: kizuizi cha pini. Ndani ya slaidi, sehemu ya juu ya bastola inayokwenda nyuma na mbele, kuna pini inayogonga kitako cha risasi. Kizuizi ni kipande kidogo cha chuma chenye springi, kinachoizuia pini hiyo isisogee mbele hadi triga, kile unachovuta kwa kidole ili kupiga, ivutwe vya kutosha. Bastola ikikuponyoka na kuangukia mdomo kwenye saruji, pini hubaki ilipo. Kampuni ya Colt ilianza kukiweka kwenye bastola zake za aina iitwayo 1911, toleo la Series 80, mwaka 1983. Za toleo la Series 70 hazina. Ukitaka bastola ya mtindo wa 1911, iliyotengenezwa na yeyote, uliza habari za kizuizi hiki kabla ya kuuliza bei.

Hata hivyo, kuwa nacho si hakikisho kamili. Mwaka 2017 SIG Sauer ilitangaza mpango wa hiari wa kurekebisha bastola zake za P320, baada ya majaribio kuonyesha kwamba zikianguka kwa pembe fulani zinaweza kufyatuka. Kizuizi cha pini kilikuwemo. Tatizo ni kwamba kishindo cha kuanguka kiliweza kuisogeza triga yenyewe, na triga ikisogea, kizuizi nacho huachia. Marekebisho yalileta triga yenye uzito mdogo zaidi, isiyosogezwa kirahisi na kishindo. Kwa P320 iliyotumika, mtake muuzaji aonyeshe kwamba imesharekebishwa.

Pili: mvuto mzito wa kwanza, pamoja na kishusha nyundo. Bastola kama Beretta 92FS na SIG P226 hubebwa nyundo, kile kipande cha nyuma kinachoigonga pini, ikiwa chini. Triga ya risasi ya kwanza ni ndefu na nzito, na haivutwi kwa bahati mbaya kirahisi. Zinazofuata ni nyepesi. Hapo ndipo kishusha nyundo kinapohitajika: ukishapiga, nyundo inabaki nyuma na triga imekuwa laini. Ukikibonyeza kishusha nyundo, nyundo inashuka bila kufyatua. CZ 75 ya asili haina, na mwenye nayo akitaka nyundo ishuke wakati kuna risasi chembani, yaani ndani ya mtutu tayari kupigwa, inambidi aishikilie kwa dole gumba huku akivuta triga. Kitendo hicho mimi simshauri mtu yeyote. Ukiipenda CZ 75, chukua toleo lake la BD, lenye kishusha nyundo.

Tatu: sefti ya dole gumba. Ni nzuri sana kwa anayefanya mazoezi mara kwa mara, na ni dhaifu kwa asiyefanya, maana hufungwa na kufunguliwa na mkono wako tu. Angalia inaelekea wapi. Kwenye 1911 unaisukuma chini ili upige. Kwenye 92FS, ambayo sefti yake iko juu ya slaidi, unaisukuma juu. Usimiliki bastola mbili zinazopingana hivyo. Mwenye kutumia mkono wa kushoto ahakikishe iko pande zote mbili.

Nne: ulimi wa triga. Glock 17 ya mwaka 1982 ndiyo iliyoufanya ujulikane. Ni kipande chembamba katikati ya triga. Usipokibonyeza, triga haiendi nyuma. Husaidia triga ikiguswa ubavuni au bastola ikianguka, lakini kamba ya koti ikiingia ndani ya kikingio cha triga huubonyeza sawasawa na kidole. Kwa bastola za aina hii ala, yaani mfuko wa kubebea bastola, ni sehemu ya kinga: iwe ngumu na iifunike triga yote. Kama fedha haitoshi kwa ala ya namna hiyo, subiri kununua.

Sefti ya mpini, inayoachia unapoukamata sawasawa, ni nyongeza nzuri, lakini isiwe sababu ya kuchagua. Vivyo hivyo alama inayoonyesha kuna risasi chembani: ione, kisha bado fungua slaidi ujihakikishie.

Mwisho: kizuizi cha magazini. Bastola yenye kinga hii haifyatuki magazini, kile kibweta cha risasi kinachoingia kwenye mpini, ikiwa nje. Nimekiweka mwisho kwa sababu bastola nyingi hazina, na aliyekizoea kimoja anaweza kudhani zote ziko hivyo. Kutoa magazini hakutoi risasi iliyokwisha kuingia chembani, na imani kwamba imetoka imeua watu wengi, wakiwemo watoto. Toa magazini kwanza, halafu vuta slaidi nyuma, uangalie chemba kwa macho na uipapase kwa kidole. Ukigeuza mpangilio huo, slaidi ikirudi inasukuma risasi nyingine ndani.

Kwa bastola iliyotumika, kizuizi hiki kina faida nyingine. Browning Hi-Power ya kiwandani inacho, na wamiliki wengi wamekiondoa ili triga iwe laini. Mwombe muuzaji ruhusa, thibitisheni wote wawili kwamba chemba ni tupu, elekeza mtutu mahali salama, magazini ikiwa nje, kisha vuta triga. Nyundo ikianguka, kuna aliyeifungua bastola hiyo kabla yako. Fundi wa silaha aikague na kizuizi cha pini, kama aina hiyo inacho, kabla hujalipa.