TAHADHARI: Anayekuuzia "zulia la Kiajemi" Arusha na Moshi, lione mgongo kwanza kabla hujatoa hela

Wakuu wa Arusha na Moshi, kama kuna mtu amekutumia picha ya zulia WhatsApp akakwambia ni la Kiajemi, yaani la Iran, limefumwa kwa mkono, kuna familia ya kizungu Njiro inahama inauza kila kitu kwa bei ya kutupa, subiri kwanza usome hapa ndo utume hela. Mi naosha makapeti hapa Arusha, kwa hiyo migongo ya makapeti naiona kila siku, na siku hizi yanakuja mengi yenye hadithi hiyo hiyo, mzungu anahama, mara balozi, mara mtu wa ile mahakama ya kesi za Rwanda iliyokuwa hapa Arusha aliacha mzigo stoo, na inaniuma sana kila nikilazimika kumwambia mteja kwamba alichonunua sicho.

Lililonifanya niandike ni la wamama wa kikoba kutoka Moshi. Walichangishana wakamnunulia binti wa mwenzao zawadi ya sendoff, milioni mbili na laki nane, zulia la sebuleni kubwa, wameahidiwa ni hariri na sufu kutoka Iran. Binti kamwagia chai, likaletwa kwangu kuoshwa. Nikaligeuza, mgongoni kuna kitambaa kimebandikwa, nikabandua kona kidogo chini yake ni gundi ya mpira tupu, hamna fundo hata moja. Hariri yenyewe ni viskosi, nyuzi za kiwandani za kuiga hariri, ile inayong'aa dukani ila ikipata maji inalala na kuwa ya njano. Wale ni wamama wanaoweka elfu kumi kumi kila wiki jamani.

Muuzaji simtaji, kwanza nasikia jina na namba anabadilisha, ila anavyouza habadilishi. Kapeti unalikuta limeshatandikwa, ukingo mmoja uko chini ya sofa au chini ya makapeti mengine. Ukitaka kuligeuza anakwambia litatoa vumbi, au eti ukilikunja linavunjika nyuzi. Uongo mtupu, zulia la mkono linakunjwa na kufungwa mizigo miaka na miaka. Afu anatoa cheti kina muhuri wa dhahabu, ukikisoma hakuna mji lilikofumwa, hakuna mwaka, hata vipimo vya hilo kapeti lililo mbele yako havimo. Bei inaanza milioni sita, mkiongea kidogo tu imefika mbili na nusu, hapo hapo simu inaita, ni mteja wa Moshi yuko njiani na keshi. Ukinunulia Moshi, huyo mteja anakuwa wa Arusha. Risiti ya EFD hana, eti ni mali ya mtu binafsi.

Sasa mjue sokoni kuna makapeti aina tatu na watu wengi wanajua mbili tu. Kuna la mashine moja kwa moja, kuna la kufungwa mafundo kwa mkono, na katikati kuna lile linalochomekwa nyuzi kwa bunduki, fundi anashika kifaa anapiga nyuzi kwenye kitambaa kilichotanuliwa kwenye fremu, akimaliza anapaka gundi mgongoni anabandika kitambaa kingine kuficha. Hilo la bunduki ndo wanalotumia kutupigia, kwa sababu mkono wa mtu kweli umegusa, kwa hiyo muuzaji anaapa ni handmade bila hata kutetemeka. Lebo ikiandikwa hand tufted ni hilo la bunduki. La mafundo huandikwa hand knotted. Tofauti ya bei ni kubwa sana, na la bunduki gundi yake baada ya miaka kadhaa inakauka inakuwa unga, ukilisogeza chini unakuta vumbi la njano, nyuzi zinaanza kung'oka, na hapo kulirudisha ni kazi ngumu.

La mafundo ukiligeuza hukuti kitambaa wala gundi. Unakuta ua lile lile la mbele lipo na nyuma, rangi kwa rangi, na ukisogeza jicho unaona fundo moja moja, vidoti vidogo, vingine vimenenepa kidogo, vingine vimekonda, mistari haijanyooka kabisa kwa sababu ni mtu alikuwa anafunga. Ila msiniambie nimeona ua nyuma basi ni la mkono, hapana! Makapeti mengi ya mashine nayo yanaonyesha ua nyuma. Cha kutazama ni usawa, la mashine mistari ya nyuma imenyooka kabisa mwanzo mwisho, kila kidoti sawa na mwenzake, hata upime na rula. Halafu panua manyoya kwa vidole mpaka chini kabisa kwenye shina, la mkono utaona uzi umezungushwa kwenye nyuzi za mtande, zile ndefu za msingi zinazoenda mwanzo mpaka mwisho wa kapeti, ukafungwa. Kuna fundo la Kituruki linalozunguka nyuzi mbili zote, na la Kiajemi linazunguka moja, nyingine linapita tu nyuma yake, yote mawili ni kazi halali ya mkono. La mashine uzi umepitishwa tu, umebanwa na mshindio, ule uzi unaokatiza mtande, ukiuvuta kwa nguvu unatoka.

Matamvua nayo yanasema. Kwenye zulia la mafundo matamvua ni zile zile nyuzi za mtande zimetokeza mwishoni, yaani ukiyafuata yanaingia ndani ya kapeti, ndiyo mifupa yake. La mashine na la bunduki mara nyingi yameshonewa juu kwa cherehani, ukiyainua unaona mshono. Kuna mazulia ya mkono ya zamani ambayo matamvua yaliisha yakashonewa mapya, kwa hiyo usikate hukumu kwa matamvua peke yake, rudi mgongoni. Kingo za pembeni pia, za mkono zimezungushwa uzi kwa mkono, zinayumba yumba kidogo, na kapeti lenyewe upana wa juu na wa chini unaweza kupishana sentimeta moja mbili. Hiyo si kasoro.

Kuhusu sufu, omba unyofoe uzi mmoja kwenye manyoya, uchome kwa kiberiti, nje, mbali na kapeti. Sufu na hariri ya kweli vinanuka nywele zilizoungua na jivu lake unalisaga kwa vidole likawa unga. Plastiki, ile polipropilini, inayeyuka inakuwa kidonge kigumu. Viskosi inaungua kama karatasi, na hiyo ndo wanaiita hariri ya mianzi au hariri ya ndizi, hariri hamna humo. Msichome uzi wa matamvua mkadhani mmepima, matamvua mara nyingi ni pamba hata kwenye zulia halisi, yatanuka karatasi tu. Anayejiamini na mzigo wake atakuruhusu uzi mmoja.

Majina ya miji yasiwatishe. Kashan ni mji wa kweli Iran, ufumaji wake wa asili UNESCO waliuandikisha mwaka 2010 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, lakini Kashan hiyo hiyo ina viwanda vya makapeti ya mashine, kwa hiyo lebo ya Kashan inaweza kuwa ya kweli kabisa na kapeti likawa la mashine. Na mengine yanatoka Gaziantep, Uturuki, huko ni viwanda kwa viwanda, ni makapeti mazuri tu, mimi sina ugomvi nayo, mtu anunue kwa bei yake akijua ni la mashine. Huyu muuzaji tena ana kale kaujanja ka namba, anasema hili lina mafundo 1200. Ile 1200 ni shaneh, kipimo cha mtambo wa kiwandani, kinaonyesha nyuzi za mtande zilivyosongamana kwenye upana wa meta moja, haina uhusiano na mafundo. Mtu akikutajia shaneh amekwambia mwenyewe kwamba ni la mashine.

Fikirieni hesabu pia. Zulia zuri la kawaida tu lenye mafundo laki mbili kwa meta moja ya mraba, la mbili kwa tatu, ni mafundo milioni moja na laki mbili. Mfumaji mwenye mkono mwepesi akifunga mafundo kama elfu nane kwa siku, hiyo ni siku 150 za mtu mmoja amekaa kwenye kitanda cha kufumia, bado sufu, bado rangi, bado kuosha, usafiri mpaka Arusha na ushuru. Mashine inamaliza ndani ya masaa. Sasa mtu anayekushushia kutoka sita mpaka mbili na nusu ukiwa bado umesimama mlangoni, anajua mwenyewe alilipata kwa ngapi.

Na la uzee, msidanganyike na rangi iliyofifia. Makapeti mapya yanalowekwa chai au dawa yaonekane ya miaka mia. Panua manyoya, kama limefifia kwa jua na miaka rangi inakolea taratibu kutoka ncha kwenda shina, kama ni dawa mara nyingi unakuta mkato. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa maji sugua kidogo kwenye nyekundu, kikitoka na rangi, liache hapo.

Kabla hata hujapanda daladala kwenda kuliona mwambie akutumie picha tatu, mgongo kwa karibu kabisa na sarafu imewekwa juu, ukingo wa pembeni, na pale tamvua linapoanzia. Akileta maneno badala ya picha usiende. Ukienda, nenda mchana, ligeuze nusu nzima siyo kona tu, na kama unalipa muandikishiane kwa maandishi kwamba ni la mafundo ya mkono na ni la malighafi gani, aweke sahihi na namba ya NIDA.

Kwa ambao mmeshalizwa, msifute meseji zake wala ujumbe wa muamala, piga picha mgongo wa kapeti, nendeni polisi mkachukue RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yenu. Tume ya Ushindani, FCC, nayo inashughulikia udanganyifu wa namna hii kwa walaji chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, pelekeni malalamiko na huko. Na msiliuze tena kwa mtu mwingine kama la Kiajemi ili kurudisha hela, tafadhali. Wale wamama wa kikoba nimewaambia hivyo hivyo na wamekubali, kesho kutwa wanaenda kituoni na vielelezo vyao.