Kalamu ya jeli ya ncha nyembamba, 0.38 ama 0.5? Maoni kutoka Kisumu

Wacha niseme jibu mapema ndio usisumbuke kusoma mpaka chini ukilitafuta. Kama unataka kalamu moja tu ya jeli, ya kuandika kila siku na kuchora chora jioni, tafuta Uni-ball Signo, ile ya kifuniko inaitwa DX, saizi ya 0.38, nyeusi. Kama mkono wako ni mzito ama unaandikia madaftari ya karatasi nyepesi, chukua ya 0.5 na mambo yaishe.

Sasa sababu. Watu wengi wakiingia dukani wanaangalia namba pekee yake, ati 0.38 lazima iwe kali kuliko 0.5, na ukweli ni kwamba hiyo namba ni upana wa kigololi chenye kiko kwa ncha, si upana wa laini yenye utapata kwa karatasi. Kigololi cha 0.5 kinatoa laini ya kama milimita 0.3 hivi, kile cha 0.38 kinashuka karibu 0.2. Ndio maana mtu akitoka kwa Micron za Sakura, zile za kuchora ambazo 01 yake ni laini ya 0.25, akiona 0.38 anafikiri ni nene, kumbe ndio nyembamba. Na hiyo yote inategemea karatasi, juu kuna daftari zingine zinakunywa wino hadi laini inafura na pesa yako ya ncha nyembamba imeenda bure.

Mi naangalia wino kwanza. Wino wa jeli ukiwa umetulia ni mzito kama uji, kigololi kikianza kuzunguka unalegea, unateleza, ukifika kwa karatasi unashika tena. Kampuni ya Sakura ya kule Osaka ndio ilileta hii kitu sokoni mwaka wa 1984, na huo ulegevu wa wino ndio unafanya jeli isitake kukandamizwa vile tulizoea kukandamiza biro. Lakini si jeli zote ziko na rangi ya aina moja. Kuna zenye rangi imeyeyuka kabisa ndani ya maji, na kuna za pigimenti, yaani chembe ndogo ndogo za rangi ambazo hazijayeyuka, maji yakikauka zinabaki zimeshikana na karatasi. Signo ni pigimenti.

Hapa Kisumu hiyo tofauti si ya kuchezea. Saa nane mchana unaandika jasho linatoka kwa kiganja mpaka karatasi inajikunja, halafu jioni mawingu yanakusanyika na kabla ujue mvua imekupata barabarani na begi yako ya kitambaa. Kuna msee huenda kuchora mashua pale Dunga, mchoro safi sana, alitumia jeli ya bei rahisi isiyo na jina lolote unalijua, manyunyu kidogo tu na matanga yote yakawa madoa ya bluu. Wino wa pigimenti ukishakauka maji hayaupeleki mbali, na kama unapenda kupaka rangi za maji juu ya laini unaweza, bora usubiri ukauke vizuri, usiwe na haraka.

Kuchora nayo ni raha, hasa vitu vyenye laini nyingi kama nyavu, majani ya magugumaji, paa za mabati pale Kibuye. Micron bado inaishinda kwa laini ndefu iliyo sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini ncha yake si ngumu, ukiandika notsi nayo kila siku kwa nguvu inachakaa na inakuwa butu. Kigololi cha chuma hakina hiyo shida. Kwa kupaka kivuli eneo kubwa sahau 0.38, utachoka bure.

Chenye hakinifurahishi: kifuniko. Kazi ya duka unaandika, unaacha, unatoa chenji, unaandika tena, na kila saa ni kutoa na kurudisha kofia, ikipotea imepotea. Hapo Pilot G2 ya kubonyeza iko na faida, na inapatikana kuanzia 0.38 mpaka 1.0. Kama wewe ni wa mashoto kama sista yangu, Pentel EnerGel inakauka haraka kwa hivyo mkono haupiti juu ya wino mbichi. Na kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni, jameni, tumia biro ya kawaida, ile Bic, juu jeli nyembamba haifinyi vya kutosha na kopi ya chini inatoka tupu. Kwa visanduku vidogo, kama vya ile kitabu ya M-Pesa ya zamani ya kuandika jina na namba ya kitambulisho, 0.38 inaingia vizuri, lakini usimpe kastoma ashike kalamu yako. Ikianguka na ncha chini, hewa inaingia na imekufa hivo.

Kalamu za Frixion, zile za kufutika, usitumie kwa cheki wala mtihani. Wino wake unapotea ukifika joto la nyuzi 60 hivi, na dashibodi ya gari iliyoegeshwa kwa jua inaweza kufika hapo.

Kununua: zenye jina mi huzipata kwa maduka ya vitabu na kwa mall, kule kwa vibanda karibu na soko la Jubilee na Oginga Odinga Street ni bahati yako. Kuna mama pale huniambia, "Nyathina, jaribu hapa," yaani mwanangu kwa Kijaluo, ananipa kipande cha katoni. Mama, asante, lakini katoni hainiambii chochote! Beba daftari yako mwenyewe, andika mstari, hesabu mpaka tano, pitisha kidole. Angalia pia kama ncha iko na katone ka nta, mpya nyingi huja nako, na kama hakako na kalamu imekaa kwa jua la dirishani, rudisha.

Bei itakuuma, moja inaweza kukula pesa ya biro kumi, na jeli inaisha haraka kuliko biro. Refili mi sijaziona hapa mjini kwa hivyo nanunua kalamu nzima. Ya 0.28 nayo iko, lakini kwa daftari za kawaida inakwaruza na kushika nyuzi za karatasi, iachie wenye karatasi ngumu ya kuchora.