TAHADHARI: Anayeuza wikendi ya mashamba ya mizabibu Orange ni tapeli

Jamani, mlio Sydney na vitongoji vyake, hasa mnaotegemea wageni kutoka nyumbani: kuna mtu anazungusha tangazo la wikendi ya mji wa Orange, kule kwenye mashamba ya mvinyo, kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, tena kwa Kiswahili safi kabisa. Msimlipe. Shemeji yangu na akina mama wenzake wa kikundi walimlipa mwezi wa saba. Wakafika jioni, baridi inachoma, wakakuta hakuna nyumba, hakuna dereva, wala mtu aliyewahi kusikia majina yao.

Tangazo lenyewe linavutia. Usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi katika nyumba ndogo ya mawe katikati ya mizabibu, chakula cha jioni, dereva wa kuwazungusha kuonja mvinyo mashamba sita, na "kuchuma zabibu kwa mikono yenu". Wengi wananaswa na huyo dereva, na wana sababu. Jimboni kwetu New South Wales kikomo cha kilevi kwenye damu ya dereva wa kawaida ni 0.05, mwenye leseni ya P, ile ya madereva wapya, haruhusiwi hata tone, na polisi wanasimamisha magari kupima wakati wowote. Mtu akikuambia dereva yupo, unaona mzigo umetuliwa.

Sasa someni tangazo hilo kwa macho ya mtu anayeijua Orange. Linasema ni mwendo wa saa moja na nusu. Orange iko kama kilomita 250 magharibi ya Sydney, na lazima uvuke Blue Mountains. Hesabu saa tatu na nusu au zaidi. Eneo lake la mvinyo limewekewa mpaka kwa kimo, yaani ardhi iliyo juu ya mita 600, kuuzunguka Mlima Canobolas unaokaribia mita 1,400. Ubaridi wa juu kule ndio unaofanya zabibu ziive polepole na kubaki na uchachu wake, na ndiyo maana mvinyo mweupe wa huko, Chardonnay, unasifiwa. Mavuno huwa kati ya Februari na Aprili. Ikifika Julai mizabibu imepukutisha majani yote, imebaki vijiti vikavu, watu wako shambani na mikasi wanapogoa, na usiku joto linaweza kushuka chini ya sifuri. Anayekuuzia kuchuma zabibu Julai hajawahi kukanyaga Orange, au anajua wewe hujawahi.

Halafu ile picha ya nyumba. Ikuzeni kwenye simu mtazame gari lililoegeshwa pembeni ya mlango: namba yake inasomeka kinyume, herufi zimegeuka kama kwenye kioo. Picha imeibwa mahali, ikageuzwa kulia kuwa kushoto ili ukiitafuta mtandaoni asili yake isionekane kirahisi. Hadi leo anaitumia hiyohiyo.

Pesa alizichukua kwa awamu. Kwanza kianzio cha dola 480. Baada ya siku chache akadai "dhamana ya usafi" dola 300, ambayo alisema ingerudishwa Jumapili. Mwisho akataka picha za leseni na pasipoti za watu wazima wote, eti za kuandikisha wageni. Jina lililotokea kwenye PayID, ule uhamisho wa benki kwa namba ya simu au barua pepe, lilikuwa la mtu binafsi, halihusiani kabisa na jina la tangazo. Alipoulizwa akajibu ni la mhasibu. Kadi hataki kusikia. Kadi unaweza kuiomba benki ipinge malipo, lakini uhamisho wa PayID kwa kawaida unafika ndani ya sekunde chache na kuurudisha ni shughuli.

Anwani aliyowapa ni ya shamba la kweli, lenye mvinyo wa kweli, ila halilazi wageni. Walipofika lango lilikuwa linafungwa. Mwenye shamba, mama mtu mzima, aliwaingiza ndani, akawapa chai, mtoto wa shemeji akiwa amefunikwa khanga mbili juu ya koti na bado anatetemeka. Akawapigia simu moteli za mjini moja moja mpaka vyumba vikapatikana. Na akawaambia hawakuwa wa kwanza kufika pale wakiwa na anwani hiyo. Tapeli wakati huo alishaingia mitini, simu haipokelewi, ujumbe una tiki moja.

Baadaye nilimwandikia kwa namba nyingine kama mteja. Nyumba ya mtu inayokodishwa kwa siku chache New South Wales inatakiwa iwe imeandikishwa serikalini, na namba yake huanza na PID-STRA; hoteli na moteli hazimo katika utaratibu huo. Nikamwomba namba hiyo. Akanitumia ABN, yaani namba ya biashara ya Australia. Nikaiingiza kwenye ABN Lookup, tovuti ya serikali ya kuzikagua namba hizo, ambayo ni bure, ikatoka biashara ya kupaka rangi nyumba. Nilipomuuliza, akanifungia.

Kama umeshamlipa, usimwandikie kwanza. Piga benki sasa hivi uwaambie umetapeliwa na wajaribu kuurudisha muamala, kisha ripoti Scamwatch na ReportCyber, tovuti za serikali za kuripoti utapeli na uhalifu wa mtandaoni. Benki ikikuzungusha, malalamiko yanapelekwa AFCA, chombo cha kusuluhisha malalamiko dhidi ya benki, bila malipo. Uliyetuma pasipoti au leseni, wasiliana na IDCARE, wanaosaidia walioibiwa utambulisho, kwa sababu hizo picha zinaweza kutumika kuchukua mkopo kwa jina lako wakati wewe unalilia dola 480 tu. Na usifute mazungumzo hata kama yanakuumiza kuyaona, ndiyo ushahidi.

Tangazo limerudi wiki hii kwa jina jipya, safari hii linauza wikendi ya Labour Day, Jumatatu ya kwanza ya Oktoba. Bado anaahidi zabibu za kuchuma, na Oktoba kule mizabibu ndiyo kwanza inatoa majani machanga. Mliokwisha kulipa, kesho asubuhi pigieni shamba lililotajwa kwenye tangazo muulize kama majina yenu yapo, na mtumie namba iliyo kwenye tovuti ya shamba lenyewe, si ile aliyowapa yeye.